Kalenda ya Shule ya Mwaka Mzima: Namna ya Kuwashirikisha Wananchi Kabla ya Kuomba Mabadiliko

Kalenda ya mwaka mzima ni utaratibu ambao hauongezi siku za masomo bali huzipanga upya. Likizo ndefu hukatwa, na vipande vyake husambazwa katikati ya mwaka ili mwanafunzi asikae nje ya darasa kwa muda mrefu kwa mkupuo mmoja. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Marekani uitwao 45-15, ambapo wanafunzi husoma siku 45, hupumzika siku 15 za kazi, kisha huanza tena, na mzunguko huo hurudiwa mara nne kwa mwaka. Upo pia mfano wa siku 60 kwa 20. Kamati ya shule inayotaka kulipeleka wazo hili kwa wananchi inapaswa kueleza kabla ya lingine lolote kwamba jumla ya siku za mapumziko inabaki ileile, kwa sababu mkutano ukifunguliwa bila jambo hilo kuwekwa wazi, mzazi huamini kwamba watoto wananyimwa likizo, na maelezo yote yanayofuata hupotea bure.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wakuu, wakuu wa shule, wajumbe wa kamati na bodi za shule, maafisa elimu kata na viongozi wa vijiji na mitaa wa Dodoma na maeneo ya jirani ya kanda ya kati. Msimamo wangu ni kwamba mashauriano yenye manufaa huanza na kalenda ya kaya, yaani mvua, shamba, mifugo, maji na chakula, ndipo yaingie kwenye kalenda ya shule. Anayefika kijijini na jedwali la tarehe lililokwisha kuchapwa anatoa taarifa tu, hata kama barua ya mwaliko imeandikwa "mashauriano".

Kwanza ijulikane nani ana mamlaka

Mihula ya shule za awali, msingi na sekondari nchini Tanzania hupangwa kwa kalenda inayotolewa na Kamishna wa Elimu katika Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na mwaka wa masomo una siku 194. Uendeshaji wa shule za serikali uko chini ya Ofisi ya Rais – TAMISEMI kupitia halmashauri. Kwa hiyo hakuna kamati ya shule, halmashauri ya kijiji wala diwani anayeweza kuitisha mkutano Jumamosi na kutangaza kalenda mpya Jumatatu. Kinachowezekana ni kukusanya maoni kwa utaratibu unaoaminika, kuandaa ombi lenye ushahidi na kulipitisha ngazi kwa ngazi hadi kwa mwenye uamuzi.

Ukweli huu usemwe siku ya kwanza, wala usisubiri kuulizwa. Mtu aliyeacha palizi yake akaja kujadili kalenda, kisha akaambiwa baada ya miezi kadhaa kwamba uamuzi haukuwa mikononi mwa waliomwita, hatakuja tena hata mkiitisha kikao cha kujenga choo cha shule.

Nashauri kamati iandae karatasi moja yenye mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mambo yaliyokwisha kuamuliwa, kama vile siku 194, sikukuu za kitaifa na tarehe za mitihani ya taifa. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, wa kidato cha nne Novemba na wa kidato cha sita Mei, na hakuna pendekezo la kalenda litakalosikilizwa iwapo linaweka mapumziko juu ya tarehe hizo. Fungu la pili ni la mambo yanayoweza kuombwa, yaani urefu wa likizo na mahali zinapoangukia. Fungu la tatu ni la mambo ambayo kijiji na shule wanaweza kuyabadilisha wenyewe bila kumwomba yeyote: wakati wa kukusanya michango ya chakula, utaratibu wa kupata maji ya shule katika kiangazi, tarehe za vikao vya wazazi. Fungu hili la tatu hudharauliwa, lakini mara nyingi ndimo dawa ya tatizo inamopatikana, na ni vizuri wananchi walione mapema ili wasidhani kwamba njia pekee ya kupunguza utoro ni kubadili mihula.

Hesabu ifanywe kabla ya maneno

Mwaka una siku za kazi 260 au zaidi kidogo. Ukitoa siku 194 za masomo, zinabaki kama 66, na ndani ya hizo mna sikukuu za kitaifa na za dini zinazoangukia katikati ya wiki. Kinachobaki kwa ajili ya likizo ni wiki kumi au kumi na moja, ambazo zikigawanywa katika mapumziko manne yaliyo sawa, kila moja linakuwa la wiki mbili na nusu hivi. Hesabu hii iandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila na kubandikwa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kitakachopatikana na kitakachopotea: likizo ya Juni, ambayo kwa sasa hukaribia mwezi mmoja, na ile ya Desemba hadi Januari, zote mbili zitafupishwa, ili likizo fupi za katikati ya mihula zirefushwe.

Hapa inafaa kuwa waangalifu na hoja zinazochukuliwa kutoka nje. Huko Marekani mjadala wa kalenda ya mwaka mzima ulikua kutokana na likizo yao ya kiangazi, ambayo huchukua wiki kumi au zaidi mfululizo, na hoja kuu ni kwamba mtoto husahau aliyojifunza katika muda huo. Tanzania haina likizo ya namna hiyo. Tena tafiti za hukohuko hazijakubaliana: zilizoona faida ziliiona ndogo, na nyingine hazikuiona kabisa. Atakayesimama mbele ya wazazi wa Chamwino au Mpwapwa na kuwaahidi kwamba ufaulu utapanda kwa sababu likizo zimekatwakatwa atakuwa ameahidi asichoweza kukithibitisha. Hoja zinazofaa kupelekwa kwa wananchi ni zile zinazotokana na hali ya hapa, na hizo zinahitaji kutafutwa.

Kuna pia namna ya pili ya kalenda hii inayohitaji mashauriano yake peke yake. Baadhi ya miji ya Marekani, ikiwemo Los Angeles, iliwahi kutumia kalenda ya makundi, ambapo wanafunzi wa shule moja hugawanywa na kupokezana likizo ili majengo yasikae tupu hata wiki moja. Lengo lilikuwa kupunguza msongamano. Katika Jiji la Dodoma, ambako idadi ya watu imeongezeka tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia makao makuu, wazo kama hilo linaweza kumvutia kiongozi mwenye madarasa machache na wanafunzi wengi. Lakini mzazi mwenye watoto watatu waliowekwa katika makundi matatu tofauti hatakuwa na wiki hata moja ya kuwapeleka wote kwa bibi yao, na kaka mkubwa hatakuwapo nyumbani kumtunza mdogo. Ikiwa shabaha ni msongamano, wananchi waambiwe hivyo waziwazi, na zamu za asubuhi na mchana, ambazo wazazi wengi wa mjini tayari wanazijua kwa uzuri na ubaya wake, ziwekwe mezani pamoja na pendekezo hilo.

Ramani ya misimu

Kazi hii ndiyo moyo wa mashauriano yote, na isifanywe kwa haraka. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kiasi cha mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, tena mvua yenyewe hukatika katikati pasipotarajiwa. Maisha ya kaya yamefungwa kwenye miezi hiyo michache. Katika Desemba na Januari watu wanalima na kupanda uwele, mtama, karanga na alizeti. Januari hadi Machi ni palizi, na ndiyo miezi ambayo akiba ya chakula katika kaya nyingi imepungua sana. Nafaka inapoanza kukomaa, watoto hutumwa kuamia ndege, na aliyewahi kuona kundi la kwelea kwelea likitua kwenye shamba la uwele anaelewa kwa nini mzazi humbakiza mtoto nyumbani bila kuona aibu. Kuanzia Mei hadi Julai ni kuvuna, kubeba na kupura. Baada ya hapo fedha huonekana kidogo, sherehe hufanyika, jando hupangwa, na kiangazi kinapokolea wafugaji husogea na mifugo kutafuta malisho, nao akina mama na wasichana hutembea mbali zaidi kutafuta maji.

Huo ni muhtasari tu, na kila kata ina yake. Wakulima wa zabibu huvuna mara mbili kwa mwaka. Bahi kuna mpunga na uvuvi wa bwawa. Kondoa na Chemba, ambako Waislamu ni wengi, mwezi wa Ramadhani ni lazima uhesabiwe, na ikumbukwe kwamba Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo likizo iliyopangwa kuambatana nayo mwaka huu haitaambatana nayo baada ya miaka mitatu.

Namna ya kuichora ramani hiyo ni rahisi na haihitaji kompyuta. Chini ya mti, kwenye ardhi iliyosawazishwa, chora visanduku kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi, na uwape watu kokoto au mbegu za mahindi. Waambie waweke kokoto nyingi kwenye mwezi wenye kazi nyingi za shamba na chache kwenye mwezi wenye nafuu. Mstari wa pili uwe wa chakula, wa tatu wa maji, wa nne wa fedha, wa tano wa magonjwa, kwa kuwa malaria nayo ina miezi yake. Wanawake wafanye peke yao na wanaume peke yao, kisha ramani mbili ziwekwe sambamba. Tofauti zitakazojitokeza ndizo zenye thamani: mara nyingi mstari wa maji wa wanaume utakuwa na kokoto chache, na wa wanawake utajaa kuanzia Septemba. Mmoja wa wajumbe anakili kila kitu kwenye karatasi kabla kuku hawajafika.

Baada ya hapo fungueni madaftari ya mahudhurio ya shule. Ushahidi huu upo katika kila shule na mara nyingi hautumiwi. Hesabuni utoro wa kila mwezi kwa miaka mitatu iliyopita, wavulana na wasichana kila kundi kivyake, na muuweke chini ya ramani ya misimu. Hapo ndipo pendekezo la kalenda linapoweza kupimwa. Ikiwa utoro unapanda Machi na Aprili kwa sababu ya ndege, pumziko la wiki mbili na nusu katika kipindi hicho linaweza kuwa na maana. Lakini ikiwa likizo ya Juni itafupishwa na wanafunzi kurudi katikati ya mwezi huohuo, ilhali mavuno ya kata hiyo yanaendelea hadi Julai, kalenda mpya itakuwa imetengeneza utoro mahali ambapo haukuwapo. Sijui kipimo kingine kilicho bora kuliko hiki, na ningependa kila ombi linalokwenda halmashauri liambatane nacho.

Chakula cha shule kipewe muda wake. Ada na michango ya lazima iliondolewa kuanzia Januari 2016, lakini chakula cha mchana bado kinategemea makubaliano ya wazazi, na wazazi hutoa walichovuna. Kalenda inayohamishia siku nyingi zaidi za masomo kwenye Januari hadi Machi inahamishia pia gharama kwenye miezi ambayo maghala yamebaki matupu. Chukua shule yenye wanafunzi 400, kila mmoja akila gramu 150 za mahindi na maharage kwa siku: hizo ni kilo 60. Siku kumi zaidi katika kipindi hicho ni kilo 600, yaani magunia sita ya kilo mia ambayo lazima yawe yamekusanywa tangu mavuno yaliyopita. Hesabu hii mzazi anaielewa mara moja, na majibu yake yatakuwa ya kweli kuliko yale ya swali la jumla kama anapenda kalenda mpya.

Kuwafuata wasiofika mkutanoni

Wanaohudhuria mikutano ya kijiji kwa kawaida ni walewale. Wasiofika ni wafugaji walio malishoni, bibi anayelea wajukuu ambao wazazi wao wako Dar es Salaam, mama lishe ambaye hawezi kufunga biashara mchana, kijana wa bodaboda mwenye mtoto darasa la kwanza, na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu ambaye anasoma katika kitengo cha elimu maalumu kilicho mbali na nyumbani. Hao ndio watakaoumizwa au kunufaishwa zaidi na mabadiliko ya likizo, kwa hiyo wafuatwe walipo: mnadani, kisimani, kwenye mashine ya kusaga, kliniki siku ya watoto, baada ya ibada kanisani na msikitini. Kwa wazee ambao Kiswahili si lugha yao ya kila siku, awepo mtu wa kuzungumza nao kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe, na mtu huyo asiwe mtendaji wa kijiji, kwa kuwa mtendaji hukusanya pia ushuru na michango.

Namna ya kuuliza huamua jibu. Swali la aina ya "Je, unaunga mkono kalenda bora ya kuinua taaluma?" haliwezi kupata jibu jingine isipokuwa ndiyo. Afadhali kusema: "Shikamoo bibi. Mwaka jana mwezi wa saba wajukuu zako walikosa shule siku zozote? Walikuwa wanakusaidia kazi gani?" Mwulize mzee mwenye ng'ombe nani huchunga watoto wanapokuwa darasani, na nani atachunga likizo ikiwa mwezi wa kumi badala ya wa sita. Majibu yaandikwe kama yalivyotamkwa, bila kupambwa.

Watoto nao waulizwe, na hili si hisani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake. Kupitia baraza la wanafunzi, au kwa karatasi ndogo zisizo na majina, waelezwe waandike wanachofanya wakiwa likizo, kinachowafurahisha na wanachokiogopa. Karatasi hizo zisomwe na watu wawili tu walioaminiwa. Katika mkoa huu likizo ndefu zimewahi kutumiwa kuwakeketa wasichana au kuwaandaa kwa ndoa, na msichana anaweza kueleza kwenye karatasi jambo ambalo hatalisema mbele ya mtu yeyote. Taarifa ya namna hiyo haipelekwi kwenye mkutano wa hadhara hata kidogo. Inapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyohiyo, na mjadala wa kalenda unaendelea kivyake.

Walimu wana kikao chao, na ni vizuri mwalimu mkuu awe wa mwisho kuzungumza. Mtumishi wa umma ana likizo ya mwaka ya siku 28, na husaidiwa nauli mara moja kila baada ya miaka miwili. Mwalimu anayetoka Kagera au Mbeya akipewa mapumziko ya wiki mbili na nusu, atatumia sehemu yake kubwa safarini, na yule anayejiendeleza chuoni wakati wa likizo ndefu anaweza kupoteza nafasi hiyo kabisa. Tena katika likizo hizohizo kuna usimamizi na usahihishaji wa mitihani. Mwakilishi wa Chama cha Walimu Tanzania aalikwe tangu mwanzo, maana pingamizi la walimu lililosikilizwa mapema hupatiwa njia, na lililopuuzwa hugeuka kuwa mgomo wa kimyakimya.

Mkutano mkuu

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji unawajumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Hakuna haja ya kuanzisha mkutano maalumu ikiwa wa kawaida uko karibu, lakini suala la kalenda lipelekwe kwanza kwenye vitongoji ili watu wafike wakiwa wamelitafakari. Siku ichaguliwe kwa akili: isiwe siku ya mnada, isiwe Ijumaa mchana, isigongane na ibada ya Wasabato wala ya Jumapili, na isiwe wiki ile mvua ya kwanza inapotarajiwa, kwa sababu mbegu haisubiri ajenda.

Mwenyekiti wa kijiji huongoza, lakini anayewasilisha pendekezo asiwe mtu mwenye maslahi ya wazi nalo. Kwanza zionyeshwe ramani za misimu na takwimu za utoro, kisha ziwekwe njia tatu mbele ya watu: kubaki na kalenda ya sasa, kuomba marekebisho madogo ya tarehe, au kuomba majaribio ya kalenda ya mwaka mzima. Njia ya kubaki na kalenda ya sasa ielezwe kwa uzito uleule, bila kuifanya ionekane ya watu waliochelewa na maendeleo. Baada ya maelezo, wagawanyike katika makundi ya wanawake, wanaume, vijana na wazee, na kila kundi lirudi na sababu zake. Mimi naona sababu zina thamani kuliko idadi ya mikono, hasa pale mikono inaponyooshwa diwani akiwa ameketi meza kuu. Ikilazimu kupiga kura, watu wadondoshe kokoto kwenye vyungu vitatu vilivyofichwa nyuma ya pazia.

Usahihi wa kisheria hauondoi haja ya ridhaa. Katika kaunti ya Wake, jimbo la North Carolina huko Marekani, bodi ya elimu iliamua kuzihamishia shule kadhaa kwenye kalenda ya mwaka mzima ili kukabili ongezeko la wanafunzi. Wazazi wakaenda mahakamani, na mwaka 2007 jaji akaamua kwamba mtoto hawezi kupangiwa kalenda hiyo bila idhini ya mzazi. Mahakama ya rufaa ya jimbo ilitengua uamuzi huo mwaka 2008, na mahakama ya juu ya jimbo ikaipa bodi haki mwaka 2009, lakini miaka miwili ilikuwa imekwisha katika ugomvi. Bodi ilikuwa na mamlaka hayo tangu mwanzo, na bado ilitumia muda wote huo kujibu hoja ambazo wazazi wangeweza kuzitoa kabla uamuzi haujafanyika.

Muhtasari na ombi

Muhtasari uandikwe na kusomwa kabla watu hawajatawanyika, ukionyesha idadi ya waliohudhuria kwa jinsia na kwa kitongoji, hoja zilizotolewa, na maoni ya waliokuwa wachache pamoja na sababu zao. Ombi linaloonyesha kwamba wafugaji wa kitongoji fulani walipinga, na kueleza kwa nini, huaminika zaidi kuliko lile linalodai kwamba wote waliafiki kwa kauli moja. Nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kijiji na shule, ila orodha ya majina na namba za simu ibaki ofisini, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuwe waangalifu na taarifa za watu.

Njia ya ombi ni ya kawaida: kamati au bodi ya shule, halmashauri ya kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri kupitia afisa elimu anayehusika, na kutoka hapo kwenda mkoani na kwa Kamishna. Nakala moja apewe mthibiti ubora wa shule. Kwa mjini, mtaa hushika nafasi ya kijiji. Ombi lisiandikwe kwa ajili ya shule moja. Kaya moja huwa na mtoto wa msingi na mwingine wa sekondari ya kata, na kalenda mbili zinazopishana ndani ya nyumba moja zitavuruga kila kitu ambacho ramani ya misimu ilijaribu kukipanga. Afadhali kuomba majaribio ya kata nzima kwa mwaka mmoja au miwili, huku ikielezwa tangu mwanzo nini kitapimwa: mahudhurio ya kila mwezi, siku ambazo chakula kilipikwa, na idadi ya wanafunzi walioacha shule. Iandikwe pia ni hali gani itakayofanya majaribio yasitishwe, ili siku hiyo ikifika kusiwe na wa kulaumiwa.

Jibu linaweza kuchelewa, na katika muda huo wananchi wasiachwe kwenye giza. Katika kila mkutano wa robo mwaka mtendaji aeleze ombi limefika ngazi gani, hata kama jibu ni kwamba bado liko palepale. Barua ya majibu ikifika, isomwe mkutanoni yote na kubandikwa. Likikataliwa, kamati irudi kwenye lile fungu la tatu la karatasi ya kwanza, ambalo halihitaji kibali cha mtu, na ianze na tarehe ya kukusanya mahindi ya chakula cha shule. Kwa vijiji vingi vya Chamwino, Kongwa na Bahi tarehe hiyo inafaa iwekwe mapema, nafaka ikiwa bado uwanjani na kabla magari ya wanunuzi hayajaanza kuzunguka.